Saundi sistimu ni nini hasa

Siku hizi kila mwenye maspika mawili makubwa na jenereta anaandika kwenye bango lake "saundi sistimu". Kwa sisi wapenzi wa rege jambo hili linakera, kwa hiyo tuliweke sawa.

Kwa kifupi, saundi sistimu ni kundi la watu wenye jina lao, vyombo vyao, santuri zao na wafuasi wao. Ukiuza vyombo leo ukanunua vingine kesho, saundi ni ile ile. Watu wakitawanyika, umebaki na mbao na nyaya.

Mambo yalianzia Kingston, Jamaika, na kushika kasi miaka ya 1950. Kukodi bendi kulikuwa ghali, na mtu wa kipato cha chini naye alitaka kucheza, basi santuri zikachukua nafasi ya bendi. Akavuma Tom the Great Sebastian, wakaja Duke Reid na Coxsone Dodd, kila mmoja na saundi yake. Ushindani ulikuwa mkali hadi watu wakawa wanakwangua lebo za santuri ili mpinzani asijue wimbo unaitwaje. Selekta (mchagua na mpiga santuri) aliyewahi kumpigia Tom, Duke Vin, alizamia meli kwenda Uingereza, na mwaka 1955 akaanzisha saundi yake London, mtaa wa Ladbroke Grove, ya kwanza nchini humo. Watu weusi walikuwa wakizuiwa milangoni kwenye baa na kumbi nyingi, basi dansi likahamia majumbani na kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Hapo ndipo wanaodhani saundi ni maspika wanapopotea: watu wale walikuwa wanajitengenezea mahali pa kukutana.

Chukua Channel One ya London. Mikey Dread na ndugu yake Jah T waliianzisha mwaka 1979, jina wakalitoa kwa studio mashuhuri ya Kingston. (Huyu si Mikey Dread mtangazaji wa Jamaika aliyefariki mwaka 2008, ni watu wawili.) Mwaka 1983 wakaanza kupiga kwenye kanivali ya Notting Hill, tamasha kubwa la mitaani London, na kwa miongo kadhaa kona yao ikawa ya kutafutwa na watu kutoka mbali.

Mikey hutumia mashine moja tu ya santuri. Anapiga upande wenye sauti ya mwimbaji, kisha anaigeuza santuri apige upande wa dabu, yaani wimbo ule ule uliopunguzwa sauti ya mwimbaji na kuachiwa zaidi besi, ngoma na mwangwi. Pale katikati muziki unanyamaza, na Ras Kayleb mwenye maiki anazungumza na watu. Kwenye priampu, chombo cha kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye ampu, besi, sauti za kati na sauti nyembamba zimetenganishwa, kila moja na ampu na maboksi yake. Mikey anaikata besi, umati unabaki na ngoma na mwangwi, halafu anairudisha na unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Hilo hulipati kwa kuongeza sauti tu. Linahitaji mtu anayevijua vyombo vyake na umati unaomjua yeye.

Na hili nalo linachanganya: kwetu DJ ndiye anayepiga muziki, lakini kwa Wajamaika anayepiga ni selekta, na diijei ndiye mwenye maiki. U-Roy, aliyechana kwenye saundi ya King Tubby, alikuwa diijei bila kugusa santuri. Nyuma yao wapo wabeba maboksi, ambao wengi wao hujifunza kazi kwa kubeba miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kusogelea mashine.

Kwa hiyo ukikodi maspika ya harusi, sema umekodi mziki. Kila mtu atakuelewa. Na kijana akikwambia ana saundi, muulize kwa upole nani anachagua nyimbo, nani ana maiki, nani anabeba maboksi. Kama yote ni yeye mwenyewe na laptop yake, mwambie yeye ni DJ, na hilo nalo ni jina zuri.