Kisu cha Mfukoni na Watu Wake: Dhana Potofu na Ukweli

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, husema wahenga, na kwa kauli hiyo kisu kimekaa katika fikra zetu kama alama ya nguvu na ya kuwatangulia wengine. Huenda ndiyo sababu mtu akisikia kwamba kuna watu wazima wanaokusanya visu vya kukunja, wanaoandikiana na kusafiri mbali ili waonyeshane visu vidogo vya mfukoni, jambo la kwanza linalomjia ni wasiwasi. Mimi ni mmoja wa watu hao kwa miaka kumi na mitatu sasa, na ninaandika haya kwa sababu wasiwasi huo umejengwa juu ya dhana zisizolingana na niliyoyaona wala na historia ya visu vyenyewe. Ninazungumzia visu vya jadi: vya aina iliyotengenezwa Sheffield huko Uingereza, Solingen huko Ujerumani, Thiers huko Ufaransa, na katika miji midogo ya Pennsylvania na New York huko Marekani, vyenye mpini wa mfupa, pembe au mti, na bapa linalofunguliwa kwa ukucha wa kidole gumba.

Dhana: Anayekusanya visu anapenda silaha

Anayeamini hivyo akipewa kisu chenyewe akishike kwa dakika moja, sidhani kama atabaki na imani hiyo. Kisu cha mfukoni cha jadi, kwa kawaida, hakina kifungio. Mgongoni mwake mna springi ya chuma inayokandamiza shina la bapa. Ukilivuta bapa kwa ukucha, springi huinuka kidogo, hukupinga, kisha hulala tena bapa linapofika mwisho, na hapo husikika mlio mfupi ambao kila mkusanyaji huusikiliza kwa makini kama mnunuzi wa nazi anayeitikisa nazi sikioni. Kinachozuia bapa lisijikunje ni nguvu ya springi hiyo tu. Mtu akijaribu kudunga nacho kitu kigumu, bapa hurudi likamkata yeye mwenyewe vidole. Kisu hiki kilikusudiwa kumenya matunda, kukata kamba na tumbaku, kusafisha kwato za farasi na, enzi za kalamu za unyoya, kuchonga ncha za kalamu hizo.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inatambua tofauti hiyo. Mtu anaweza kutembea hadharani na kisu cha kukunja bila kutakiwa kutoa sababu, ikiwa makali yake hayazidi inchi 3, yaani takriban sentimita 7.6, na mahakama za huko zimekwishaamua kwamba ruhusa hiyo haivihusu visu vinavyojifunga bapa likiwa wazi. Kwa hiyo Opinel, kisu cha wakulima wa Savoie kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890, na ambacho Wafaransa hukatia mkate na jibini, katika ukubwa wake wa kawaida hakimo katika ruhusa hiyo, kwa kuwa tangu mwaka 1955 kimewekewa pete ya kulifunga bapa. Wakusanyaji ninaowajua wanazifahamu sheria za namna hii kwa undani, na huwa wa kwanza kumwonya mgeni asikitie kisu kwenye begi atakaloingia nalo ndani ya ndege.

Ni kweli kwamba vipo visu vilivyopata sifa mbaya, na sisi wa Afrika tunakifahamu kimojawapo. Okapi, chenye mwezi na nyota za bati kwenye mpini wa mti na pete ya kuvuta ili bapa lirudi, kilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya masoko ya makoloni ya Ujerumani barani Afrika, kabla utengenezaji wake haujahamia Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Kimetumiwa na wahalifu, hilo silikatai. Lakini kimetumiwa zaidi na wavuvi, wakulima na wauza miwa, na mkusanyaji anayekiweka kando ya visu vya Sheffield anaitunza historia ya biashara na ya kazi za mikono ambayo haimo katika taarifa za polisi.

Dhana: Kisu chenye thamani hung'aa, na bapa lililopiga weusi limeharibika

Dhana hii imeharibu visu vingi kuliko kutu yenyewe, na mimi nimeshiriki katika uharibifu huo. Kisu changu cha kwanza cha zamani kilikuwa kazi ya kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, chenye mabapa mawili na mpini wa mfupa wa rangi ya kahawia. Bapa lilikuwa la kijivu, lenye mabaka ya buluu na zambarau kama shingo ya njiwa. Nikadhani ni uchafu. Nikakaa kibarazani na kipande cha msasa mchana mzima, hadi bapa likang'aa kama kijiko kipya, nikapiga picha na kuwatumia wakusanyaji wenzangu wa mbali nikitarajia pongezi.

Mzee mmoja wa Pennsylvania alinijibu kwa swali moja tu: "Unaona nukta ngapi chini ya jina?" Kuanzia mwaka 1970 kampuni hiyo ilipiga nukta 10 chini ya alama yake kwenye shina la bapa, ikawa inaondoa nukta moja kila mwaka, hata mwaka 1979 ikabaki moja. Mwenye nukta 6 za miaka hiyo anajua kisu chake ni cha mwaka 1974. Visu vya kati ya mwaka 1965 na 1969 vina jina la nchi bila nukta, na vya kabla ya hapo, kurudi hadi mwaka 1940, havina hata jina la nchi. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikakigeuza kisu kwenye mwanga wa dirisha, na nilichokiona ni mikwaruzo mitupu iliyokwenda upande mmoja. Mwaka wa kuzaliwa wa kisu kile nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu.

Chuma cha kaboni kikikutana na maji ya limau, chungwa au kitunguu hujenga utando mwembamba wa rangi ya kijivu ambao wakusanyaji huuita patina. Utando huo hutulia juu ya chuma na hupunguza kasi ya kutu, ingawa hauizuii kabisa. Kutu yenyewe ni nyekundu, huacha unga kidoleni na hula chuma kwa ndani. Hiyo ndiyo ya kuondolewa, tena kwa mafuta na kitambaa, au kwa kipande cha shaba kilicho laini kuliko chuma. Kwa sisi wa pwani, ambako hewa ina chumvi, kisu cha kaboni hutaka kupanguswa kikauke kila baada ya kutumika na kupakwa tone la mafuta kwenye kiungo, na hakitaki kamwe kuhifadhiwa ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumika kuisindika hushambulia chuma.

Dhana: Jina maarufu linatosha kuthibitisha kisu

Laguiole ni mfano ulio wazi. Wengi hulidhani ni jina la kiwanda, ilhali ni kijiji cha Aveyron huko Ufaransa, na ni jina la umbo la kisu linalohusishwa na Pierre-Jean Calmels, aliyelitengeneza takriban mwaka 1829. Kwa muda mrefu jina hilo halikulindwa, hivyo visu vinavyoitwa Laguiole vimetoka Thiers na hata bara la Asia, vingine vizuri sana na vingine vya kutupwa. Nyuki aliye juu ya springi yake husemwa kuwa ni heshima aliyoitoa Napoleon kwa wanakijiji. Napoleon alifariki mwaka 1821, kabla kisu chenyewe hakijabuniwa. Vivyo hivyo Barlow: chimbuko lake ni ukoo wa mafundi wa Sheffield, lakini kwa karne nyingi sasa ni aina tu ya kisu, chenye kichwa kirefu cha chuma mbele ya mpini, na kampuni nyingi zimekitengeneza.

Dhana: Ni starehe ya matajiri

Wapo wanaonunua visu vya bei ya kutisha. Lakini Opinel namba 8 bado ni miongoni mwa visu vya bei nafuu vinavyoheshimika popote, na mkusanyaji mwenye visu vinne anavyovitumia kila siku husikilizwa sawa na mwenye mia nne. Nimemwona fundi seremala akieleza namna ya kunoa bapa jembamba juu ya kinoo, na wenye makabati ya vioo wakamwuliza maswali kama wanafunzi.

Dhana: Wakusanyaji ni watu wa siri na wivu

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka hasa lieleweke. Ukarimu wa watu hawa unatokana na namna elimu ya visu ilivyotawanyika. Usione vyaelea, vimeundwa. Na waliounda visu hivi wengi hawakuandika kitu. Huko Sheffield, pamoja na viwanda vikubwa kama Joseph Rodgers & Sons, walikuwapo mamia ya mafundi wa kujitegemea waliokodi chumba na jiwe la kusaga, wakafanya kazi kwa oda, wakafa na ujuzi wao. Chama cha mafundi visu wa huko kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na daftari zake zinahifadhi alama za mafundi, lakini daftari haikwambii springi ilivyopigwa kwa nyundo hadi ikalingana na mgongo wa kisu bila nafasi ya kupitisha mwanga.

Mambo hayo yameokolewa na wakusanyaji. Ken Hawley, aliyekuwa muuza zana mjini humo na aliyefariki mwaka 2014, alikusanya maelfu ya zana, katalogi na kazi ambazo hazijakamilika, akawarekodi mafundi wakiwa kazini, na leo hazina hiyo iko katika jumba la makumbusho la Kelham Island, ambako yeyote anaweza kuiona. Stan Shaw, aliyeanza kutengeneza visu akiwa na umri wa miaka 14 na aliyefariki mwaka 2021, alikuwa miongoni mwa mafundi wa mwisho wa Sheffield waliojua kukitengeneza kisu kizima peke yao, na kilichomweka kazini hadi uzeeni kabisa ni wakusanyaji waliokuwa tayari kumsubiri. Mtu anayeficha kisu chake anajinyima jibu, kwa sababu alama iliyofutika kwake huenda inasomeka vizuri kwenye kisu kilichomo droo ya mtu wa nchi nyingine. Ndiyo maana wana desturi ya kukizungusha kisu kimoja kwa posta kutoka mkononi mwa mmoja hadi kwa mwingine, kila mtu akitumie kwa wiki moja kisha akipeleke mbele, na mara nyingi kinamrudia mwenyewe kikiwa kimenolewa vizuri kuliko kilivyoondoka.

Dhana: Kukifungia sandukuni ndiko kukihifadhi

Hili huniuma kulisema kwa waliorithi visu. Mipini mingi ya kati ya miaka ya 1900 na 1940, ile ya rangi za kuvutia kama ganda la kobe, lulu au mistari ya peremende, ni ya seluloidi, yaani plastiki ya kale ya nitroselulosi na kafuri. Seluloidi ikizeeka huanza kutoa mvuke wa asidi, na ukiifungia pamoja na visu vingine, kisu kimoja kinaweza kuvitia kutu vyote vilivyo jirani. Dalili zake ni harufu kali ya kafuri au ya uchachu, ukungu wa kijani kwenye shaba, na kutu inayoanzia bapa linapogusana na mpini. Visu hivyo hutengwa, kila kimoja mahali pake penye hewa na pasipo joto.

Dhana: Zawadi ya kisu hukata urafiki

Imani hii ipo Ulaya na Marekani kwa muda mrefu, na wakusanyaji hawakuipuuza, wameitafutia dawa. Anayepewa kisu humpa mtoaji sarafu ya thamani ndogo kabisa, ili ionekane kisu kimenunuliwa. Mzee yule wa Pennsylvania, miezi michache baada ya kisa cha msasa, alimpa msafiri aliyekuwa akija Dar es Salaam kifurushi kidogo cha kunifikishia. Ndani mlikuwa na kisu kama kile nilichokiharibu, chenye patina yake na nukta 6 zinazohesabika, pamoja na karatasi iliyoandikwa: "Unadaiwa sarafu." Nilimtumia shilingi 50 yenye picha ya kifaru kupitia kwa msafiri huyo huyo. Aliniandikia baadaye kwamba imo ndani ya boksi la visu vyake, na kwamba kila anayemtembelea humwuliza kifaru huyo ametoka wapi.