Moyo wa mrukaji wa parachuti: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mzoefu haogopi, moyo wake umetulia." Dhana hii imeenea kuliko zote, na inawaumiza wanaoanza: wakisikia kifua kinadunda ndani ya ndege, wanajiona hawafai. Mwaka 1967 wanasaikolojia Walter Fenz na Seymour Epstein walichapisha vipimo vya mapigo ya moyo, upumuaji na jasho la ngozi vya warukaji. Kwa wanaoanza, vipimo viliendelea kupanda hadi karibu na wakati wa kuruka. Kwa wazoefu vilipanda pia, ila mapema, kisha vikaanza kushuka kabla hawajaruka. Halafu utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 ukaonyesha kwamba wazoefu, ingawa walisema wasiwasi wao ni mdogo, homoni ya msongo iitwayo kotisoli ilipanda kwao kama kwa wanaoanza. Kwa hiyo ndugu yangu unayetetemeka, huna kasoro yoyote.

"Moyo ukienda mbio sana, mtu amepoteza udhibiti." Tarehe 14 Oktoba 2012 Felix Baumgartner, mrukaji wa parachuti kutoka Austria, alijirusha kutoka karibu kilomita 39 juu ya New Mexico, Marekani, akiwa amevaa vipimo kifuani. Ripoti ya kisayansi ilisema mapigo yake hayakuvuka 185 kwa dakika. Kwa mtu wa miaka 43, kiwango cha namna hiyo ni cha mkimbiaji anayetumia nguvu zake zote kwenye mita za mwisho. Hata hivyo, alipoanza kuzunguka hewani kama pia, alijiweka sawa na kutua kwa miguu yake.

Cha kuogopwa zaidi ni umakini kufinyika. Adrenalini ikizidi, macho hung'ang'ania jambo moja, mtu akasahau kutazama kipimo cha kimo kilicho mkononi mwake. Ndiyo maana kabla ya kupanda ndege wanafunzi hurudia mara nyingi kupeleka mkono kwenye kishikio cha kufungulia mwavuli, mpaka mkono uende wenyewe. Ndiyo maana pia miavuli mingi leo ina kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba iwapo mrukaji bado anaporomoka kwa kasi karibu na ardhi.

"Ukiporomoka kwa kilomita 200 kwa saa huwezi kupumua." Hewa ipo ya kutosha. Anayekosa pumzi mara nyingi ameibana mwenyewe kwa mshtuko. Akipiga kelele, itatoka na nyingine itaingia.

Kuhusu saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo, usiziamini sana huko juu. Baridi hubana mishipa ya ngozi na mkono hautulii, namba zikayumba. Tena kwenye mita 4,000 oksijeni ni haba, na hilo peke yake huongeza mapigo hata kwa aliyekaa kimya.

Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni habari nyingine kabisa. Huyo aonane na daktari kwanza, na fomu ya afya aijaze kwa ukweli.