Nyota ya Kaskazini haiko hapo unaponyoosha kidole

Juzi mpwa wangu kanitumia picha. Kaipiga juu ya paa, Kigamboni, mbingu bado ina wekundu wa machweo, na katikati kuna nukta moja nyeupe inayowaka kama taa ya mnara. Chini yake kaandika: "Mjomba, nyota yako ya kaskazini hiyo, ile ya mabaharia."

Na jua limezama papo hapo kwenye picha. Kaskazini gani hiyo, mwanangu, jua linazama ndani yake?

Ilikuwa Zuhura, ile sayari. Huwa ni Zuhura. Isipokuwa Zuhura basi ni Mshtarii, na isipokuwa Mshtarii ni Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku. Miaka 19 nimesimama zamu kwenye meli za mizigo, mingine nimeimaliza nikifundisha vijana kushika sekstanti, kifaa cha kupimia urefu wa nyota, na katika muda wote huo, nikiwa Dar au Tanga au Unguja, nimeonyeshwa Nyota ya Kaskazini mara nyingi kuliko nilivyoalikwa harusi. Haikuwa yenyewe hata mara moja. Haingewezekana kuwa yenyewe, na sababu naieleza hapa chini, kwa mara ya mwisho, ili kuanzia leo niwe natuma kiungo tu.

Kwanza hili la mwangaza. Nani aliwaambia watu kwamba nyota ya mabaharia lazima iwe angavu kupita zote? Ukizipanga nyota za mbinguni kwa mwangaza, ya kaskazini haimo hata kwenye 40 za mwanzo. Ni ya kawaida, ya kati, ungeipita bila kuitazama mara mbili. Sifa yake si kung'aa, ni kukaa. Dunia inazunguka, nyota zote zinachora duara, na hii iko karibu sana na ncha, yaani pale mbinguni mhimili wa dunia unapoelekea, kwa hiyo duara lake ni dogo mno, jicho halilioni. Zuhura ndiyo mzururaji mkubwa kuliko wote: haitoki zaidi ya nyuzi 47 hivi mbali na jua, leo magharibi jioni, baada ya miezi mashariki alfajiri. Atakayeongoza chombo kwa Zuhura akifika anakotaka amshukuru Mungu, si nyota.

Kazi ya kwanza ya Nyota ya Kaskazini ni kuonyesha kaskazini, ya pili ndiyo mabaharia tunayoihitaji zaidi. Urefu wa nyota hiyo kutoka upeo wa macho, ukiupima kwa nyuzi, ni takriban latitudo yako, yaani umbali wako kutoka ikweta. Ukiwa Maskati utaikuta kwenye nyuzi 23 na nusu hivi. Ukiwa Suez, 30. Ukiwa kwenye ncha yenyewe ya kaskazini iko utosini. Na ukiwa ikweta imelala kwenye mstari wa upeo.

Haya, sasa jumlisha mwenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Nyota iko wapi? Iko nyuzi 7 chini ya upeo, ndani ya ardhi, mchana na usiku, Januari hadi Desemba. Tanzania nzima iko kusini ya ikweta. Mombasa nayo hakuna, Lamu hakuna. Moyale na Lodwar, kwenye nyuzi 3 na kitu kaskazini, kwa hesabu imechomoza, lakini iko chini mno kiasi kwamba vumbi na unyevu wa hewa vinaimeza nyota ya mwangaza wa kati. Hata baharini, meli ikipanda kutoka Mombasa, mimi binafsi sijawahi kuiona kwa macho matupu kabla ya nyuzi 6 au 7 kaskazini, na mara mbili tatu nilizodhani nimeiwahi mapema nadhani nilikuwa natazama kitu kingine. Baharia mchovu huona anachokitaka.

Ndiyo maana nacheka mtu anaponiambia "wazee wetu wa majahazi waliongozwa na Nyota ya Kaskazini kutoka Kilwa". Kutoka Kilwa, kwenye nyuzi 9 kusini? Waliongozwa nayo, ndiyo, lakini baadaye njiani. Wazee walikuwa na akili kuliko hadithi tunazowavika. Waliijua vizuri sana hata lugha ikabaki nayo: fungua kamusi za zamani utakuta "jaa" kwa maana ya kaskazini, na hiyo jaa ni al-jah ya wanamaji Waarabu, nyota yenyewe. Upande wa pili utakuta "suheli" kwa maana ya kusini, na Suheli ni nyota pia, ya pili kwa mwangaza baada ya Sirius, ingawa haichomozi kusini kamili. Dira yao ilitajwa kwa mahali nyota zinapochomoza na kuzama. (Na kibla, ambayo Waswahili wengi wa pwani huitumia kumaanisha kaskazini, si kosa la jiografia: Makka iko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo na Unguja. Kigoma hesabu inabadilika.)

Urefu wa nyota waliupima kwa vidole. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia mwishoni mwa karne ya 15, alihesabu duara zima kuwa vidole 224, kwa hiyo kidole kimoja ni zaidi kidogo ya nyuzi 1 na nusu. Kifaa kilikuwa kibao chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamal. Na walipofika kusini, jaa ikazama, hawakukaa kulia. Walihamia kwenye Farkadani, zile nyota mbili za kundi la Dubu Mdogo zinazozunguka karibu na ncha, nazo zikishuka mno wakahamia kwenye Dubu Mkubwa. Yaani nyota ya ncha haionekani, lakini jamaa zake wanaonekana, na ukijua jamaa hao wako umbali gani naye, unajua alipo.

Vasco da Gama naye aliipoteza. Aliondoka Malindi Jumanne, tarehe 24 Aprili 1498, na daftari la safari yao linasema Jumapili iliyofuata waliiona tena nyota ya kaskazini, ambayo walikuwa hawajaiona muda mrefu. Siku tano. Naipenda sana sentensi hiyo, maana nimeionja furaha hiyo nikiwa na GPS tatu kwenye chumba cha usukani, sembuse wao. Tulifundishwa kuwa rubani wao alikuwa Ibn Majid, lakini si lazima awe yeye. Barros, mwandishi wa Kireno, anamtaja Malemo Cana, Mwislamu wa Gujarati, na hiyo "malemo" ni "mwalimu" wetu wa jahazi yule yule, yaani rubani: cheo, si jina. Lakini ugomvi huo ni wa siku nyingine.

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko Zuhura, kwa sababu linasemwa na watu waliosoma. "Nyota ya Kaskazini haisogei." Inasogea! Leo iko takriban dakika 38 kutoka kwenye ncha halisi (nyuzi moja ina dakika 60). Baharini dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari. Kwa hiyo kijana anayepima, anaandika urefu kama ulivyo na kutangaza "latitudo hii", anaweza kukosea maili 38. Hizo ni karibu Dar hadi mji wa Unguja. Umeielekeza meli Unguja, umeiegesha Dar, na unasema nyota haisogei.

Marekebisho yamo kwenye almanaka, kitabu cha majedwali ya nyota, ni dakika mbili za kazi. Ukiwa huna almanaka tazama Kasiopea, lile kundi la nyota la umbo la W. Nyota ya kaskazini imekaa upande wa Kasiopea: Kasiopea ikiwa juu ya ncha, nyota nayo iko juu, punguza kipimo chako, ikiwa chini, ongeza, ikiwa pembeni, karibu uache kama ilivyo. Wakati wa Ibn Majid kosa hilo lilikuwa kubwa zaidi, kama nyuzi 3 na nusu, na wao walilijua na kulirekebisha. Tofauti hiyo inatokana na mhimili wa dunia kuyumba kama pia ya watoto, mzunguko mmoja miaka 26,000 hivi. Zama za mapiramidi nyota ya ncha ilikuwa Thuban. Hii yetu itaikaribia ncha kuliko wakati wowote karibu na mwaka 2100, kisha itaanza kuondoka.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Chini ya nyuzi 10 mimi siviamini vipimo vyangu vya nyota hii. Hewa inaipinda miale: dakika 5 hivi ukiwa kwenye nyuzi 10, karibu 10 ukiwa kwenye nyuzi 5, na jedwali linadhani hewa ni ya kawaida, wakati Bahari ya Hindi jioni ya joto haina ukawaida wowote. Niliviandika kwenye daftari kwa sababu utaratibu ulitaka. Meli niliiendesha kwa vingine.

Tena kuna tatizo la wakati. Unahitaji upeo uonekane, yaani machweo au alfajiri, na muda huo nyota yenyewe bado imefifia. Njia ni kutoitafuta kwa jicho. Weka latitudo yako ya makisio kwenye sekstanti, elekeza kaskazini, fagia polepole kulia na kushoto. Inajitokeza kwenye darubini kama mgeni aliyekuwa sebuleni muda wote.

Basi, mpwa wangu na wengine. Katikati ya Mei, saa 2 usiku, nenda Nungwi ambako bahari iko kaskazini, mbali na taa za hoteli. Tazama juu ya maji. Utaona nyota saba za Dubu Mkubwa zimekaa kama upawa uliopinduliwa, mdomo chini, mpini kulia. Chukua zile mbili za ukingo wa kushoto, Merak juu na Dubhe chini. Vuta mstari kutoka Merak kupitia Dubhe, endelea kushuka mara tano ya nafasi iliyo kati yao. Kabla hujamaliza ya tano utakuwa umeingia baharini. Endelea tu. Iko huko chini.