UTI sugu na taifodi isiyoisha

Dodoma ni mkoa mkavu, na malaria hapa ni kidogo ukilinganisha na Kagera au Kigoma. Kwa hiyo mwenye homa akipimwa malaria na kukutwa hana, hubaki na swali: basi ni nini? Hapo ndipo huingia taifodi (homa ya matumbo) na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na mara nyingi zote mbili kwa pamoja.

Taifodi hupimwa sana kwa Widal, kipimo cha damu. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi yake. Kinga hiyo hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona, na wakati mwingine huletwa na bakteria wengine au homa nyingine kabisa. Ndiyo maana mgonjwa humaliza dozi, akarudi baada ya wiki mbili, Widal bado "inasoma", akaongezewa sindano. Kinachokataa kuisha hapo ni kinga, wala si ugonjwa. Njia ya kuaminika ni kuotesha damu maabara kuona kama bakteria watakua humo, tena ichukuliwe kabla ya antibayotiki, na huduma hiyo haipo kila kituo. Utafiti uliochapishwa 2014, wa watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta taifodi kwa asilimia 3.7 tu. Wengi wa watoto hao 1,005 walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo antibayotiki haiyagusi.

UTI nayo imekuwa jina la kila uchovu. Mkojo ukichukuliwa bila kujisafisha, au ule wa mwanzo badala ya wa katikati, hubeba bakteria na chembe za usaha kutoka nje, na karatasi ya majibu haiwezi kuliona hilo. Wazee wengi, hasa akina mama, hukaa na bakteria kwenye kibofu bila kudhurika. Kama hawana dalili, miongozo ya tiba inataka waachwe. Halafu kuna joto letu na maji yetu ya shida: mkojo mzito wenye harufu mara nyingi unadai maji tu. Dalili zenye uzito ni kuungua wakati wa kukojoa, haja ya mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu, au homa na maumivu ya kiunoni.

Mtu asipokuwa na ugonjwa, dawa humwachia madhara tu. Sipro (ciprofloxacin, antibayotiki) inaweza kuumiza kano, antibayotiki nyingi huharisha, na kila dozi isiyo ya lazima huwafundisha bakteria usugu. Pesa sizitaji, mnazijua.

Sasa wapo wanaouliza "kupima mwili mzima". Viwango vya kawaida vya vipimo vingi vya damu vimepangwa kiasi kwamba katika watu 100 wazima wa afya, 5 hivi huangukia nje. Fanya vipimo 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa kukuta angalau kimoja "kibaya" ni kama asilimia 64, ukiwa mzima. (Vile vifaa vya kushika kiganjani vinavyochapa orodha ya magonjwa na virutubisho vya kununua, sivihesabu kama vipimo.) Korea Kusini walipozoea kupiga ultrasaundi za shingo kwa watu wasio na dalili, saratani ya tezi ya shingo iliyogunduliwa mwaka 2011 ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993, lakini vifo havikubadilika. Maelfu walikatwa tezi na kubaki wakimeza vidonge maisha yao yote.

Kabla ya kutoa damu muulize daktari: majibu yakija hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika vipi? Kama hayabadiliki, subirini.

Haya hayamhusu mjamzito. Mkojo wake hupimwa na bakteria hutibiwa hata bila dalili, kwa sababu huweza kupanda hadi kwenye figo. Hayahusu pia presha, VVU, wala uchunguzi wa mlango wa kizazi. Na mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege apelekwe kituoni saa hiyohiyo.