Je, wajua kwa nini Waprotestanti wa Kenya walishindwa kuwa kanisa moja mwaka 1913?

Kama unasali ACK (Waanglikana), PCEA (Wapresbiteri), Methodist au AIC (Africa Inland Church), ujue kuna wakati wamisionari walioanzisha hayo makanisa walikaa pamoja wakitaka liwe kanisa moja tu la wenyeji, na hawakuwa mbali na kulipata. Ilikuwa Juni 1913, kwenye misheni ya Waskoti, ambao ni Wapresbiteri, pale Thogoto, Kikuyu.

Sababu yao ilikuwa ya maana kabisa. Reli ilikuwa imeshafika ziwani tangu 1901, watu wanahama kutafuta kazi, sasa mtu kabatizwa na Waanglikana kule pwani akifika bara anakuta misheni ya watu wengine, anaulizwa wewe ni wa nani, meza ya Bwana hapewi, wakati yeye anachojua ni kwamba ameokoka na ni Mkristo basi. Ni jambo la kuumiza kwa kweli, manake ugomvi wenyewe ulianzia Ulaya huko na yeye haumhusu hata kidogo.

Kwenye mambo ya imani walielewana vizuri tu. Walikubali Maandiko Matakatifu ndiyo yenye neno la mwisho, Imani ya Mitume na Imani ya Nikea zieleze msingi wa wanachoamini, kifo cha Yesu ni cha kuondoa dhambi, ubatizo na meza ya Bwana viendelee kufanyika kwa alama zake za kawaida. Wakafunga mkutano kwa kushiriki meza ya Bwana kwenye kanisa la Waskoti, aliyeongoza ni askofu Mwanglikana, William Peel wa Mombasa, na wasio Waanglikana wakapokea pia.

Hapo ndo moto ukawaka. Kule Zanzibar kulikuwa na askofu mwingine Mwanglikana, Frank Weston wa UMCA, misheni ya Kianglikana, mtu aliyependwa sana na waumini wake, aliposikia habari hizo akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana kule Uingereza, Randall Davidson, akitaka Peel na mwenzake J. J. Willis wa Uganda wajibu mashtaka ya uzushi. Yaani maaskofu wawili wa kanisa lake mwenyewe! Kwa Weston, askofu hakuwa cheo cha uongozi tu, alikuwa sehemu ya imani yenyewe: mamlaka yametoka kwa mitume kwa kuwekewa mikono, askofu kwa askofu, kwa hiyo mchungaji ambaye hakuwekewa mikono na askofu hawezi kuhesabiwa sawa na padri, na mtu ambaye hajapata kipaimara, yaani hajawekewa mikono na askofu baada ya ubatizo, asikaribishwe hivi hivi mezani.

Davidson alikataa kuwashtaki, akalipeleka suala kwa maaskofu washauri, na jibu lilipotoka 1915 lilisifu nia ya umoja lakini likasema ibada ya pamoja kama ile isirudiwe. 1918 walikutana tena Kikuyu, Weston mwenyewe akaenda, na bado kanisa moja halikupatikana. Kilichopatikana ni ushirikiano wa misheni, yaani Alliance, na ndo huo uliozaa Alliance High School mwaka 1926.

Mimi naona watu wengi wanaoanza kanisa leo wanapita njia ileile. Wanaandika ukurasa mmoja wa imani, Utatu, Biblia, wokovu, kurudi kwa Yesu, wote amina, Msajili wa Vyama wa serikali anataka katiba basi inaandikwa fasta, halafu baada ya muda wanagawanyika kwa sababu hawakuwahi kuulizana nani ana haki ya kubatiza na kubariki mkate, mtoto mchanga abatizwe au asubiri akue, aliyebatizwa kwingine arudiwe au la, mwanamke anaweza kuwekewa mikono, mchungaji akikosea nani wa kumwambia. Wanaona hayo ni mambo ya utaratibu tu, kumbe kwa mwenzao ni imani kabisa, na anaweza kuondoka kwa ajili yake akiwa na dhamiri safi kama Weston.

India Kusini walianza mazungumzo kama hayo 1919 pale Tranquebar, na tofauti moja kubwa ni kwamba wengi wa waliokaa mezani walikuwa Wahindi wenyewe, mmojawapo V. S. Azariah, Mhindi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Suala la maaskofu hawakulikimbia, walilijadili miaka 28. Kanisa la India Kusini lilizaliwa Septemba 1947 likiwaunganisha Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongregesheni: lingekuwa na maaskofu, wachungaji wapya wote wawekewe mikono nao, ila waliokuwa wachungaji tayari wapokelewe kama walivyo bila kuwekewa mikono upya. Na waliahidiana kwamba hakuna usharika utakaolazimishwa kupokea mchungaji au namna ya ibada ambayo dhamiri yake inaikataa.