Kutapika kupita kiasi wakati wa ujauzito: ni hali gani, na mama afanye nini?

Mimba ikiwa changa, wanawake wengi husikia kichefuchefu. Wanatapika mara moja mbili, wanalamba ndimu au kutafuna tangawizi, kisha wanaendelea na shughuli zao. Lakini yupo mjamzito ambaye hata funda la maji halikai tumboni. Anatapika chakula, kikiisha anatapika nyongo, nayo ikiisha anabaki kujikamua tumbo tupu. Kopo la kutemea mate haliondoki kando ya kitanda, na jirani akikaanga kitunguu tu, anaanza upya. Hali hiyo kitaalamu huitwa hiperemesisi, na huwapata wajawazito wachache, takriban mmoja hadi watatu katika kila 100.

Dalili kubwa ni kupungua uzito. Mama aliyekuwa na kilo 60 kabla ya mimba akipoteza kilo 3 au zaidi, yaani asilimia 5, hilo si jambo la kusubiri lipite. Mkojo huwa mchache na wa rangi nzito, na ukipimwa huonekana ketoni, kwa kuwa mwili uliokosa chakula umeanza kuunguza mafuta yake wenyewe. Hali hii mara nyingi hukolea karibu na wiki ya 9. Wengi hupata nafuu kufikia wiki ya 20, ingawa wapo wanaotapika hadi siku ya kujifungua.

Mama huyu huambiwa anadeka, au kwamba mimba imemkataa mumewe. Maneno hayo yanaumiza, na si kweli. Desemba 2023, watafiti wakiwemo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha katika jarida la Nature kwamba mhusika mkuu ni homoni iitwayo GDF15. Wakati wa ujauzito homoni hii hutoka kwa wingi kwenye kondo na kuingia katika damu ya mama. Mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndiye inayemwangusha zaidi.

Nyumbani, apikiwe na mtu mwingine. Chakula kilichopoa, kama kiazi kitamu au wali mkavu, hakina harufu kali. Ale kidogo kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) anywe kwa kijiko, si kwa glasi. Vidonge vya kuongeza damu vikimchefua asiviache kimyakimya, amweleze muuguzi wa kliniki ampangie namna nyingine. Na udongo, hata kama ndio pekee anaoutamani, asile: huzuia madini ya chuma kufyonzwa na unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Asipoweza kubakiza kitu tumboni kwa siku nzima, asipokojoa kwa saa 8, akisikia kizunguzungu akisimama, akitapika damu, au akiwa na homa au maumivu ya tumbo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huko apimwe malaria na maambukizi ya mkojo, maana nayo hutapisha, na afanyiwe ultrasound kuangalia kama ni mapacha au mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo hukua kama vishada vya zabibu. Atawekewa dripu. Kama ametapika kwa muda mrefu, ndugu waulize kuhusu vitamini B1: inapaswa kutangulia dripu ya glukosi, kwa sababu upungufu wake unaweza kudhuru ubongo.

Wengi huogopa dawa za kuzuia kutapika, na hofu hiyo ina historia: thalidomidi, dawa waliyopewa wajawazito kupunguza kichefuchefu na iliyoondolewa sokoni nchi nyingi kuanzia 1961, ililemaza maelfu ya watoto. Lakini leo zipo dawa, kama promethazini, ambazo wajawazito wamezitumia kwa miongo mingi. Aandikiwe na daktari, asijinunulie tu dukani.

Aliyepatwa na hali hii kwenye mimba moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa tena. Akijigundua ana mimba nyingine aende kliniki mapema, aeleze yaliyomkuta, ili dawa zianze kabla hajalegea.