Gamba kavu sikioni: nilichokiona kwenye hadubini

Juzi maabara tulipokea kichupa cha fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, chenye kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele, kilichotoka ukingoni mwa sikio la kijana mwenye ualbino. Fomu ilisema: gamba kavu, miezi minane, haliumi. Nilifurahi mno kukiona. Vipande vingi vya wenzake hunifikia vikiwa vimekatwa kwenye vidonda vya miaka, na majibu yake huwa nayahofia kabla sijawasha taa ya hadubini.

Ngozi yenye rangi ina ustadi wa ajabu. Seli za tabaka la chini hupokea chembe za melanini, ile rangi ya ngozi, kisha huzirundika juu ya kiini, upande wa jua, mithili ya mtu aliyejitwika ungo adhuhuri. Chini ya ungo huo imelala DNA, maandishi ya urithi ya seli. Kwa mwenye ualbino, ungo huo ni mwembamba sana au haupo kabisa. Mionzi ya jua ya kundi B, yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, huipiga DNA moja kwa moja na kugandamanisha herufi zake mbili zilizo jirani. Seli hukata sehemu iliyoharibika na kuishona upya, lakini jua la kila siku huleta kazi nyingi kuliko mafundi waliopo. Panapokosewa, herufi C hugeuka T, na mara nyingine CC nzima hugeuka TT. Alama hii ya pili ikikutwa kwenye uvimbe, mtaalamu wa jeni huitambua kama mfugaji anavyotambua nyayo za fisi zizini: hapa jua limepita.

Madhara makubwa ni pale kosa linapoangukia jeni ya TP53. Jeni hii hutengeneza protini iitwayo p53, inayojulikana tangu 1979, ambayo huiamuru seli iliyoharibika vibaya ijiue. Ngozi ikiungua na jua, seli hizo zinazojiua huonekana ndani ya siku moja: zimesinyaa, zina rangi ya waridi kali, kiini cheusi. Kifo hicho ni kinga yetu. Seli ambayo TP53 yake imekufa haisikii amri. Basi kila jua linapounguza, majirani wazima wanajiua, yenyewe inabaki na kujitanua kwenye nafasi walizoziacha. Ni kama kupalilia shamba kwa kung'oa mahindi na kuacha magugu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuungua leo hulilisha pia kosa lililofanyika miaka kumi iliyopita.

Kwenye kipande cha kijana yule niliyaona magugu hayo. Seli za chini zilikuwa zimesongamana, viini vikubwa, vyeusi, havilingani, na juu yake keratini, ile protini ngumu ya ngozi, nene na ya waridi. Lakini kila penye tundu la nywele au mfereji wa jasho, ngozi ilikuwa nzuri, kwa sababu seli zinazoijenga hapo hutokea chini kabisa, mbali na jua. Kwa hiyo gamba lote lilikuwa na mistari, mbaya, nzuri, mbaya. Chini yake nyuzi za elastini, zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi, zilikuwa zimevurugika na kuwa rojo la kijivu.

Utando wa msingi, ule unaotenganisha ngozi ya juu na nyama ya ndani, ulikuwa mzima. Nilizungusha slaidi mara tatu kuhakikisha. Seli mbovu zikijaa unene wote wa ngozi ya juu huwa ni kansa iliyo bado ndani ya ua. Zikitoboa utando, ni kansa inayoweza kufika kwenye tezi za shingo.

Magamba mengi hayafiki huko, na mengine hupotea yenyewe. Tatizo ni kwamba kwa jicho tupu hakuna anayeweza kusema lipi litageuka, hivyo tunayatibu yote, kwa naitrojeni ya maji inayoyagandisha au kwa krimu ya fluorourasili. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Losheni ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, ilibuniwa kwa ajili ya ngozi hizi, nayo hufanya kazi ikipakwa kila siku, hata mawingu yakitanda, pamoja na kofia pana na mikono mirefu.

Gamba la kijana huyu aliligundua kinyozi wake, aliyemwambia, "Kaka, hapa ukingoni mwa sikio pana kitu, nenda kaonyeshe." Majibu nimeyaandika leo asubuhi: mabadiliko ya jua, hakuna kansa.